Mwenda Jean-Bosco na Wimbo wa Kiswahili Mashariki mwa Kongo

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alizunguka katika Kongo ya Wabelgiji akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Upande wa kaskazini-mashariki, ukingoni mwa msitu wa Ituri, aliwarekodi Wanande, wenyeji wa nchi ya Beni na Butembo, pamoja na majirani zao Wambuti, Wabira na Wabudu. Upande wa kusini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huko, alimkuta katika mji wa Jadotville kijana wa miaka ipatayo ishirini na miwili aliyepiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili. Rekodi za Wanande ziliingia katika hifadhi na kusikilizwa na wachache. Wimbo wa yule kijana, ulioitwa "Masanga", ulitolewa katika santuri, ukavuka mipaka, ukapata zawadi, na hadi leo unafundishwa kwa wanafunzi wa gitaa katika nchi ambazo Kiswahili hakisemwi.

Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Makala hii inaeleza safari yake ya kisanii, tangu Bunkeya alikozaliwa mwaka 1930 hadi kifo chake mwaka 1990. Inakusudia pia kulirudia jambo ambalo wengi walioandika juu yake wamelipita kwa haraka, nalo ni kwamba Mwenda alikuwa mtunzi wa nyimbo za Kiswahili. Wasifu wake umeandikwa zaidi na watu waliovutiwa na vidole vyake. Kwa msomaji wa Kiswahili, hususa yule wa Beni au Butembo ambaye lugha ya nyimbo hizo inakaribiana na ile anayoisikia sokoni kila siku, maneno yana haki ya kusikilizwa pamoja na nyuzi.

Ili kuelewa jinsi mtu wa Bunkeya alivyokuja kutunga kwa Kiswahili, hapana budi kurudi nyuma katika karne ya kumi na tisa. Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wa Lualaba, ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Usumbwa katika nchi ya Unyamwezi na kujijengea dola katikati ya Wasanga na Walamba kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Wafuasi wake ndio walioitwa Bayeke. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwenda lilikuwa mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe, na limeendelea kuwa jina la heshima katika ukoo wa watawala wa Bayeke. Kwa hiyo mwanamuziki alipojiita Mwenda wa Bayeke hakuwa akijipachika jina la jukwaani tu; alikuwa akitaja asili yake.

Msafara wa Usumbwa ulileta na Kiswahili cha njia za biashara, lakini haukukifanya lugha ya nchi. Kazi hiyo ilifanywa na machimbo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi. Vibarua walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda, Burundi na pande za Uluba. Watu hawa walihitaji lugha moja ya kuelewana, na wakubwa wa kampuni na serikali, kwa sababu zao wenyewe, wakakipendelea Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza kwa kirefu jinsi uamuzi huo ulivyofungamana na haja ya kuwatawala wafanyakazi. Hata hivyo, lugha ikishatoka mikononi mwa msimamizi na kuingia jikoni, kilabuni na kitandani, huwa mali ya wasemaji wake. Watoto waliozaliwa katika kambi za wachimbaji waliipokea kama lugha yao, wakaipa sarufi yao na utani wao.

Butembo na Beni zina historia iliyo tofauti kidogo. Huko Kiswahili kilifika kwa njia ya misafara ya Waungwana wa Tippu Tip na wenzake, ndiyo maana wataalamu wa zamani waliita lugha ya upande huo Kingwana. Kisha kikaenezwa na utawala, misheni na biashara. Butembo yenyewe ilikua kutokana na kituo cha kampuni ya madini katika miaka ya 1920. Lakini Wanande walibaki na Kinande chao nyumbani, na Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya barabara na ya kuonana na wageni. Tofauti hii ni muhimu. Katika Katanga mtu angeweza kulala, kuota na kugombana kwa Kiswahili. Katika nchi ya Wanande wengi walikichukua walipotoka nje ya mlango. Si ajabu basi kwamba Tracey alipofika kaskazini alivutiwa na ngoma na ala za asili zenye nyimbo za lugha za wenyeji, na alipofika Jadotville akakuta nyimbo za Kiswahili zikipigwa kwa ala ya kigeni.

Gitaa lilikuwa limeshazoeleka katika miji ya machimbo kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Lilikuwa ala ya kijana mwenye mshahara. Lingeweza kununuliwa dukani na kubebwa mgongoni, na mtu mmoja angetosha kuwa bendi nzima. Mtindo uliostawi huko Katanga ulitumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene kwa mapigo ya kudumu, na kidole cha shahada kikatembea juu ya nyuzi nyembamba kikifuata au kujibu sauti ya mwimbaji. Mara nyingi mwenzake alikaa kando akigonga chupa kwa kijiti. Wapo waliolinganisha mtindo huu na upigaji wa likembe, ambamo vidole vichache hufanya kazi ya sauti mbili au tatu. Anayeijua likembe, ala inayopatikana katika sehemu nyingi za Kongo, hatashangazwa na ulinganisho huo.

Mwenda aliufikisha mtindo huu mahali ambapo wenzake hawakufika. David Rycroft, mtaalamu wa muziki na lugha za Kibantu, aliandika manota ya upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Alionyesha kwamba mapigo yanayosikika kana kwamba ni mrudio wa jambo moja kwa kweli yanabadilika kila yanaporudi: lafudhi inahamishwa, sauti ya chini inachelewa kidogo, kipande kinarefushwa. Kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi hili ni jambo la kawaida. Manju wa ngoma hairudii beti kama kasuku. Ana kiunzi kichwani, na kila utendaji ni utungo mpya juu ya kiunzi hicho. Mwenda aliuhamishia ufundi huo katika nyuzi sita.

Santuri, hata hivyo, ilikuwa na sheria zake. Upande mmoja wa santuri ya zama zile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba muziki wa dakika tatu au zaidi kidogo tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kuchukua nusu saa, huku mwimbaji akimtaja huyu na kumchokoza yule aliyeketi mbele yake, ulilazimika kukatwa ili utoshe. Kilichopotea kwanza kilikuwa masimulizi marefu na majina ya watu. Kilichosalia ni utangulizi wa gitaa, beti chache na viitikio. Kwa sababu hiyo, anayehukumu utunzi wa Mwenda kwa santuri za kwanza peke yake, akasema kwamba maneno ni machache au yamekatikakatika, anahukumu pia urefu wa santuri.

"Masanga" na "Bombalaka" zilirekodiwa katika ziara hiyo ya 1952. "Masanga" ilitunukiwa zawadi ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa kupitia chama cha African Music Society ambacho Tracey alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilizitoa nyimbo za Mwenda kwa chapa ya Gallotone, na katika miaka iliyofuata alirekodi nyingine nyingi. Reli iliyobeba shaba kwenda kusini ilirudi na bidhaa, santuri zikiwemo. Katika jambo hili Katanga ilikuwa na bahati ambayo nchi ya Wanande haikuwa nayo. Beni na Butembo zilitazama mashariki, kwa barabara ya Kasindi inayoingia Uganda, na hazikuwa na reli wala studio.

Lugha ya nyimbo hizo ni Kiswahili cha Katanga, ambacho walimu wa Kiswahili sanifu walikuwa na mazoea ya kukiita kibovu. Watu ni *batu*, mke ni *muke*, mtoto ni *mutoto*. Kiambishi cha mahali hakikai mwishoni mwa nomino. Badala ya *nyumbani* husemwa *mu nyumba*, na badala ya *sokoni* husemwa *ku soko*. Udogo huonyeshwa kwa *ka-* na *tu-*, kama katika lugha nyingi za Kibantu za jirani. Msemaji wa Beni au Butembo atazitambua sifa hizi mara moja, kwani nyingi kati yake ni za Kiswahili cha Kivu pia. Yeye hahitaji mfasiri. Wa kumpigia mfano ni msikilizaji wa Unguja, ambaye atasikia lugha anayoijua ikiwa imevaa nguo nyingine.

Kuiita lugha hiyo mbovu ni kukosa kuona mantiki yake. Matumizi ya *mu*, *ku* na *pa* kabla ya nomino ni utaratibu wa Kibantu wenye umri mkubwa, ambao Kiswahili cha pwani ndicho kilichouacha. Kadhalika, silabi kamili ya *mu-* katika *muke* na *mutoto* humpa mtunzi mizani ambayo *m-* ya sanifu humpunguzia, na katika wimbo unaofuata mapigo ya gitaa silabi moja si kitu kidogo. Kwa kuwa tafiti nyingi za zamani zilipima lahaja za bara kwa kipimo cha Unguja, nyimbo kama za Mwenda hazikuingizwa katika mikusanyo ya ushairi wa Kiswahili. Katika miaka ya 1980 na 1990 hali ilianza kubadilika: Walter Schicho alichapisha maigizo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, na Fabian akachapisha historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani mwaka 1965 chini ya uongozi wa André Yav. Kiswahili cha Katanga kikapata mahali katika rafu za vyuo vikuu, ijapokuwa waimbaji walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, ambako alikuwa na kipindi chake redioni. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alipata umaarufu huko huko. Hiki ndicho kipindi ambacho sauti ya Katanga iliingia nyumbani mwa watu wa Afrika Mashariki. Redio haikuhitaji reli. Fundi wa gitaa wa magharibi ya Kenya aliyekuwa na redio, au jirani mwenye redio, aliweza kusikia kidole cha shahada kikitembea juu ya nyuzi na kujaribu mwenyewe jioni ile ile. Kizazi cha wapiga gitaa wa Kenya wa wakati huo kilikua katika hewa hiyo, kila mmoja akiugeuza mtindo kwa mapigo ya kwao.

Swali lenye uzito ni hili: kwa nini mwimbaji wa Kongo alikuwa mashuhuri zaidi Nairobi kuliko katika mji mkuu wa nchi yake? Jibu limo katika lugha. Muziki wa dansi uliotoka Léopoldville, baadaye Kinshasa, uliimbwa kwa Kilingala, na Kilingala kilikuwa pia lugha ya jeshi. Studio kubwa, redio yenye nguvu na mabendi yenye ala za umeme na tarumbeta vilikuwa upande huo. Kufikia miaka ya 1960 rumba ya Kilingala ilikuwa imejaza baa za Kongo nzima, mashariki pia. Katika miji kama Beni na Butembo watu walinunua unga kwa Kiswahili, wakazika na kuoa kwa Kinande, na wakacheza dansi kwa Kilingala. Wimbo wa Kiswahili uliopigwa kwa gitaa kavu ulionekana kuwa wa kimkoa. Huko Nairobi, Kiswahili hicho hicho kilikuwa pasipoti.

Mwenda hakuishi kwa muziki peke yake, na pengine ndiyo sababu hakuharakishwa na mitindo. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi benki, akafanya kazi katika kampuni ya madini, akasimamia mabendi, na akamiliki hoteli huko Sakania karibu na mpaka wa Zambia. Kwa wanamuziki wa rika lake hii haikuwa aibu wala kushindwa. Wengi wao walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, na santuri ikaendelea kuuzwa bila wao. Mtunzi ambaye wimbo wake ulisikika katika mabara matatu alihitaji mshahara wa mwezi kama karani mwingine yeyote.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la Newport, lililokuwa jukwaa kuu la nyimbo za kienyeji za nchi hiyo. Hadhira yake huko haikuelewa neno lake hata moja. Ilisikiliza gitaa, na tangu hapo sifa zake ng'ambo zimekuwa sifa za gitaa. Nyumbani, mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Nchi iliitwa Zaire kuanzia mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, na siasa ya uhalisi ya Mobutu ikawataka wananchi waache majina ya Kizungu. Jean-Bosco likaondoka, na Mwenda wa Bayeke likabaki. Ni kejeli ya historia kwamba amri iliyotoka Kinshasa ilimrudishia mwimbaji huyu jina linalotukuza dola ya Bunkeya.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Low, Mwingereza mpiga gitaa, alisafiri hadi Shaba akiwatafuta waimbaji wa zama za santuri, akamkuta Mwenda na wenzake wakiwa hai na wenye kumbukumbu nyingi. Kumbukumbu za safari hiyo zilichapishwa Vienna mwaka 1982. Elijah Wald kutoka Marekani naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi mjini Cape Town albamu ambayo ilitolewa Marekani baada ya kifo chake. Ndani yake anasikika mzee aliyetulia, mwenye kuziimba nyimbo za ujana wake bila haraka, na kwa kuwa sheria ya dakika tatu ilikuwa imekwisha, anaziacha zipumue. Anayelinganisha "Masanga" ya 1952 na uimbaji wake wa baadaye atakuta kiunzi kile kile, na utungo mwingine.

Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Miaka saba baadaye askari wa Laurent-Désiré Kabila waliotoka mashariki waliingia Kinshasa wakisema Kiswahili, na lugha ambayo wakazi wengi wa mji mkuu waliihesabu kuwa ya mikoani ikasikika katika ofisi za serikali. Mwenda hakuyaona hayo.

Upande wa muziki, kazi yake imehifadhiwa vizuri kuliko ya wengi wa rika lake. Manota ya Rycroft yapo, rekodi za Tracey zipo katika International Library of African Music, iliyoanzishwa mwaka 1954 na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Upande wa maneno kazi ni ndogo mno. Nyimbo zimefasiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa katika maelezo ya santuri, kwa kawaida kwa muhtasari wa mistari miwili mitatu, na tahajia ya Kiswahili chake imesawazishwa na kila mwandishi apendavyo: mmoja anaandika *mke* pale mwimbaji aliposema *muke*, mwingine anafuata tahajia ya Kifaransa. Mhariri anayefaa kwa kazi ya kuyaandika upya si lazima atoke Lubumbashi. Mtu wa Butembo aliyesoma Kiswahili sanifu shuleni, na anayesema *mu nyumba* kwao, ana masikio yote mawili yanayohitajika.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ilianza kuzitoa tena rekodi za Tracey katika diski za kisasa, moja baada ya nyingine. Moja inakusanya asili ya muziki wa gitaa wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia, na humo yumo Mwenda na "Masanga" yake. Nyingine ni ya ukingo wa msitu wa Ituri mwaka 1952, na humo wamo Wanande.